Hatukuwa tukityuni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Jumamosi iliyopita mimi na mwenzangu tulipiga selo mbili, zile fidla kubwa za kupigwa kwa upinde, katika ukumbi mmoja hapa Iringa. Dakika ya tatu, mshereheshaji akashika maiki: "Ndugu zangu tuvumilie, vijana bado wanatyuni." Ukumbi ukacheka. Yaani eti bado tunarekebisha nyuzi, na sisi tulikuwa katikati ya muziki!

Simlaumu sana. Muziki wa selo unaotungwa siku hizi hautafuti utamu tu. Upinde ukisogezwa karibu kabisa na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, sauti hukwaruza kama bati linaloburutwa. Kidole kikiugusa uzi bila kuukandamiza, hutoka mluzi mwembamba. Wala si mambo ya jana. Mwaka 1915 Zoltán Kodály wa Hungaria alitunga sonata (utungo mrefu wa ala) ya selo moja, ambayo nyuzi mbili nene hulegezwa nusu toni kabla ya kuanza. Hapo mshereheshaji wetu angepata la kusema.

Kilichonitesa ni hewa kavu ya Julai. Vigingi vya mbao vinavyokaza nyuzi husinyaa vikateleza, na uzi wa mwenzangu ulilegea tukiwa tumeshafika mbali katika muziki. Wawili hamna kondakta, mnahesabiana kwa pumzi.

Baadaye mzee mmoja wa Kalenga aliunusa upinde wenye rosini, ule utomvu mkavu unaopakwa upinde, akaniambia: "Mwanangu, hili ni ligombo lililolelewa ugenini." Ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, hupigwa kwa vidole, lakini nilimwelewa.

Tunarudia Agosti. Mtumeni mwandishi wenu akae mbele. Mshereheshaji hatutakuwa naye.

Mpiga selo,
Kihesa, Iringa