Ombeni nakala ya faili kabla ya kumlalamikia daktari

Mhariri,

Mgonjwa akifia hospitalini hapa Mombasa, mara nyingi huzikwa siku iyo hiyo. Hatusemi maziko yacheleweshwe ovyo. Lakini familia inayoshuku uzembe ijue kwamba pasipo uchunguzi wa maiti, shahidi anayebaki ni faili la hospitali, na kumfukua marehemu baadaye kwahitaji kibali rasmi au amri ya mahakama.

Basi ombeni nakala ya faili lote kwa barua, mapema, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokewa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yatoa siku 21 za kujibu. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini peke yake haitoshi. Takeni chati ya dawa, maandishi ya wauguzi, fomu ya idhini ya upasuaji na, kwa mama aliyejifungua, patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Humo mapigo ya moyo wa mtoto hutakiwa kutiwa nukta kila nusu saa uchungu ukishakolea. Nukta zikikatika saa sita usiku na kurudi saa kumi alfajiri, pengo hilo ndilo la kuandika: nani alikuwa zamu, na mbona mama hakupimwa?

Halafu jueni mnamlalamikia nani. Kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, ilhali Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) halishughulikii maafisa wa kliniki wala wauguzi. Hao wana mabaraza yao. Barua ikienda kwa wasiohusika, miezi hupotea. Tajeni tarehe, saa, wodi, na kilichotendwa au kuachwa. Matusi yaacheni. Mgonjwa akiwa hai na timamu, atie sahihi mwenyewe, kwani siri za faili ni zake.

Kamati ya nidhamu ya KMPDC yaweza kumwonya daktari, kumrudisha mafunzoni, kumsimamishia leseni au kumfuta kwenye sajili. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Fidia ni kesi nyingine, na hapa ndipo watu wetu huumia. Muda wa kushtaki kwa uzembe ni miaka 3, dhidi ya serikali miezi 12, na hausimami kungoja Baraza. Mtu husubiri kwa imani, uamuzi wa kumpa haki ukamfikia mkononi, kumbe muda wa kwenda mahakamani umeshapita.

Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Mombasa