Zuhura, hiyo juisi usimpe Mama

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Habari za Dodoma? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutoa roho, na fungu la mchicha la mama wa genge limekuwa dogo kiasi kwamba likishanywea sufuriani unaita watoto waje wakusaidie kulitafuta.

Ujumbe wako wa sauti wa dakika 7 nimeusikiliza mara mbili. Kwa hiyo umenunua blenda, kila alfajiri unasaga mafungu mawili ya mchicha mbichi na spinachi, unakamulia ndimu, unashusha bilauri nzima kabla ya kwenda kazini, na sketi za ofisini zimeanza kufunga tena. Hongera. Ningeishia hapo, ila mwisho kabisa, ukiwa umeshaaga, ukachomekea kwamba kuanzia Jumatatu utampa na Mama "ili aongeze damu". Ule ujumbe wa USIMPE ni wangu, sikukosea namba. Ningepiga simu, lakini unanijua: ungecheka, ningecheka, na neno lenyewe lingepotea. Salma anapanda treni ya SGR kesho, ndiyo maana unaletewa karatasi.

Nianze na Mama, maana wewe ukiumwa mtaa mzima utajua, yeye hasemi. Vile vidonge anavyokunywa kila jioni tangu alipowekewa vali bandia kwenye moyo ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ini linahitaji vitamini K ili litengeneze vitu vinavyogandisha damu, na warfarini kazi yake ni kulibana lisiitumie vizuri. Sasa vitamini K imejaa wapi? Kwenye majani ya kijani. Mwanamke mzima anahitaji kama mikrogramu 90 kwa siku, na gramu 100 tu za spinachi mbichi zina zaidi ya 400. Piga hesabu ya bilauri yako. Dozi ya Mama ilipangwa kwa kupima damu yake huku akila kama alivyozoea kula. Ukimmiminia majani ghafla, dawa inazidiwa nguvu, damu inaweza kuganda pale kwenye vali, na bonge likisafiri hadi kichwani ni kiharusi.

Lakini usije ukamkataza mboga kabisa. Nakufahamu, wewe ukishtuka unashtuka mwili mzima. Akiziacha kwa ghafla, dozi ileile inageuka kuwa kali kupita kiasi, aanze kutoka damu kwenye fizi, kwenye mkojo, au mahali ambapo hamtapaona. Mboga yake ya kila jioni aendelee nayo, kwa kiasi kilekile cha siku zote. Kama ameshaionja hiyo juisi, nendeni kliniki mkaseme ukweli wapime INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda. Vidonge msivipunguze wala kuviongeza kwa akili zenu.

Na hilo la kuongeza damu lina mkasa wake. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani huingia mwilini kwa shida, ni kidogo sana kinachofyonzwa. Ndimu inasaidia, haifanyi miujiza. Kinachonitisha zaidi ni kwamba mtu wa warfarini akianza kupauka, anaweza kuwa anavuja damu polepole tumboni. Macho yake yakiwa meupe, hilo ni jambo la daktari kabla halijawa la jikoni.

Haya, sasa wewe. Najua unachotaka kusema: "Si wewe mwenyewe uliyenianzishia?" Ni mimi, nakiri. Nilitangaza juisi ya kijani kwenye kikoba, nikagawa na picha. Kilichofuata sikumwambia mtu kwa sababu ya aibu.

Wiki ya saba hivi nilikuwa kwenye daladala, tumefika Buguruni, ubavu wa kushoto ukanikata kama mtu amenichoma bisibisi, maumivu yakashuka hadi kwenye kinena. Sikuweza kukaa wala kusimama. Konda akapaza sauti, "Jamani pisheni, mama anajifungua!" Mimi, na miaka yangu 52. Abiria wawili wakanishusha, Mungu awabariki, wakanipandisha bajaji. Ultrasaundi ikaonyesha kijiwe cha milimita 4 kinashuka kutoka kwenye figo. Kidogo kiasi hicho mara nyingi hutoka chenyewe, na changu kilitoka, ila usiku ule nilitaja majina ya marehemu wote wa ukoo.

Daktari akaniuliza ninakunywa nini kwa siku. Nikajibu kwa majivuno kabisa: juisi ya mchicha nusu lita, na maji glasi mbili. Hakucheka. Akanieleza kwamba vijiwe vingi vya figo ni kalsiamu iliyoshikana na kitu kinaitwa oksaleti, na mchicha na spinachi ni vinara wa oksaleti: gramu 100 za mchicha mbichi zinaweza kubeba karibu gramu 1 nzima. Sisemi juisi peke yake ndiyo iliyonitengenezea kijiwe. Kwa jasho hili la Dar na maji glasi mbili, mkojo wangu ulikuwa mzito kama chai ya rangi, na marehemu baba naye aliwahi kuwa na mawe. Lakini juisi ilikuwa inamwaga mchanga na kokoto kwenye mtaro uliokwisha kukauka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya sufuria. Bibi zetu walikula majani kila siku ya Mungu, lakini nani kati yao aliyeyanywa mabichi? Ukichemsha mchicha na kumwaga maji, sehemu kubwa ya oksaleti inaondoka na yale maji. Tunaambiwa tusimwage, vitamini zinapotea, na ni kweli; kwa figo zangu mimi namwaga. Kisha ukiula na dagaa, kalsiamu ya ile mifupa inaikamata oksaleti hukohuko tumboni, inatoka chooni badala ya kwenda kwenye figo. Mtindi nao unafanya hivyohivyo. Chukua na kisamvu: kibichi kina sumu ya sayanidi, na ndiyo maana kinatwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu kabla hakijaona tui la nazi. Hakuna aliyetuandikia sababu, tulirithi kinu na mchi tu. Blenda imekuja, tukaruka hatua zote hizo kwa dakika moja.

Nawe usije ukahamia kwenye chainizi ukadhani umepona. Mwaka 2010 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilieleza habari za bibi wa miaka 88 aliyekuwa akila chainizi mbichi, kilo 1 hadi kilo 1 na nusu kila siku kwa miezi kadhaa, akitumaini itamsaidia kisukari. Akaletwa hospitali amelegea, hawezi kutembea wala kumeza, tezi yake ya shingo imezimika. Jamii ya kabichi ikiliwa mbichi kwa wingi namna hiyo inaizuia tezi kutumia iodini. Sasa kilo na nusu kwa siku ni chakula cha ng'ombe, sikatai, lakini yule bibi naye alianza kwa nia njema.

Huku kwetu kuna jingine ambalo nyie wa Dodoma mmelikwepa. Mboga nyingi zinalimwa kandokando ya mito, na tangu 1999 kuna utafiti uliochapishwa kuhusu metali nzito kwenye mboga za kando ya mto Sinza na Msimbazi. Udongo unaoshwa bombani. Madini ya risasi yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayaoshwi wala hayachemki yakaisha. Ukila sahani moja na wali ni jambo moja, ukikamua mafungu mawili kila alfajiri ni jambo lingine.

Kama huwezi kuacha kusaga, basi spinachi na mchicha weka pembeni, tia sukuma wiki, ambayo oksaleti yake ni ndogo sana, majani machache, siyo kila siku. Na unywe maji, Zuhura. Maji matupu, mpaka mkojo uwe mweupe.

Salma ana mfuko wako: dagaa mchele kilo moja, nimewachambua mwenyewe, na kisamvu kilichotwangwa nimekigandisha, kikifika kimeyeyuka kiweke jikoni siku hiyohiyo. Blenda usiitupe, isage karanga za mboga. Mkitoka kliniki na Mama nitumie ile namba ya INR waliyompa, hata kama ni usiku wa manane. Nitakuwa macho, joto halituruhusu kulala.

Wako,
Mwanahawa