Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Siku zangu 28 za likizo zihesabiwe upande gani?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaamu alaykum.

Nakuandikia kwa sababu ya siku 28 ambazo hadi leo sijui niziweke wapi. Katika siku hizo nilikuwa mfanyakazi, au nilikuwa sina kazi?

Kwa miaka minne nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kwetu hasa ni Wete, Pemba, lakini kazi ndiyo iliyonivusha bahari, kama ilivyowavusha wengi. Anayeishi Paje, Kiwengwa au Nungwi anajua masika ikianza hali inavyokuwa. Wageni wanapungua, vyumba vinafungwa kimoja kimoja, ngalawa za kuwatembeza wageni zinavutwa juu, na kila mfanyakazi anamwangalia ofisa utumishi usoni akitafuta habari. Mwaka ule habari ilinifika mimi. Tarehe 5 Aprili niliambiwa hoteli inapunguza watu. Jioni ile ile nilihesabu mchele, mafuta na sabuni mbele ya mpishi mkuu, nikakabidhi daftari na funguo, nikatoka getini. Tangu hapo sijarudi.

Katika malipo yangu ya mwisho zilikuwamo fedha za siku 28 za likizo. Nazieleza kwa makini, Mheshimiwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha barua hii. Mwajiri hakunipa zawadi. Mwaka mzima niliomba likizo nikajibiwa kwamba msimu umejaa, nisubiri. Idi mbili zilipita niko stoo. Siku zile nilikwishazifanyia kazi zamani. Kilichobaki ni kulipwa tu. Lakini barua niliyopewa haikusema kwamba ajira yangu imekwisha tarehe 5 Aprili. Ilisema nitakuwa kwenye likizo kuanzia tarehe 6 Aprili, na ajira yangu itamalizika tarehe 3 Mei.

Wiki iliyofuata nilipanda gari hadi mjini kwenda kuulizia haki zangu kama mtu aliyepoteza kazi. Karani aliisoma barua mara mbili, akaniambia kwa upole: "Dada, wewe bado uko kazini. Rudi baada ya tarehe tatu mwezi wa tano." Sikumlaumu na simlaumu. Alisoma kilichoandikwa. Nikarudi nyumbani na nauli iliyokwishapotea, nikakaa.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye, nilipoangalia michango yangu ya hifadhi ya jamii. Mchango wa mwisho ulikuwa wa Machi. Wa Aprili haukuwamo. Nikampigia simu mtu wa hesabu wa pale hotelini, ambaye tulikula sahani moja miaka minne, akanijibu bila kusita kwamba fedha ya likizo ya anayeondoka haikatwi mchango kwa sababu si mshahara, ni malipo ya kufunga hesabu.

Basi tazama, Mheshimiwa. Kwa karani wa mjini, fedha ile ilikuwa mshahara, na kwa sababu hiyo mimi nina ajira na sistahiki kitu. Kwa mwajiri, fedha ile ile haikuwa mshahara, na kwa sababu hiyo hanikati wala hanichangii. Nikawa kama popo, si ndege si mnyama. Mwezi mmoja wa maisha yangu ulifutwa pande zote mbili.

Na mwenzangu wa dobi, aliyepunguzwa siku ile ile, barua yake iliandikwa na mtu mwengine. Yeye aliandikiwa kwamba ajira imekwisha tarehe 5 Aprili na kwamba atalipwa likizo aliyolimbikiza. Fedha ya aina moja, hoteli moja, siku moja. Yeye alihesabika hana kazi tangu tarehe 6 na mimi nikasubiri mwezi. Tofauti yetu ilitoka kwenye kalamu ya aliyeandika barua. Hili ndilo linaloniuma zaidi kuliko fedha yenyewe, kwamba haki ya mtu inaweza kutegemea maneno ambayo hata aliyeyaandika hakujua uzito wake.

Mwezi mmoja unaweza kuonekana mdogo. Lakini mafao ya aliyepoteza kazi huhesabiwa kwa miezi. Chukua mfano wa ndugu zetu wa Bara, ambako fao la kukosa ajira lilianzishwa na sheria ya 2018: anayelipwa ni aliyechangia si chini ya miezi 18, na hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Aliyejiuzulu mwenyewe hahesabiwi. Kwa utaratibu kama huo, mtu aliyechangia miezi 17 na mwezi wake wa likizo ukaachwa bila mchango, amekosa kwa mwezi mmoja. Kwenye hoteli zetu, ambako mikataba mingi ni mifupi na inafuata msimu, mtu wa miezi 17 si wa kubuni.

Nimejaribu kuangalia nchi nyengine wanalitatua vipi, maana suala hili halikuanza kwetu. Ujerumani, mtu akilipwa fedha za likizo ambayo hakuichukua, fao lake husimama kwa idadi ya siku hizo. Kwa haraka utasema ni kama lililonikuta mimi. Lakini wao husogeza tarehe ya kuanza tu. Siku za fao hazipungui. Na wana jambo moja ambalo natamani tungelichukua lote: ikiwa mwajiri hajalipa ile fedha ya likizo, ofisi ya ajira ya serikali humlipa mfanyakazi fao lake, kisha ofisi yenyewe ndiyo inayomfuata mwajiri na kumdai. Mfanyakazi haachwi na njaa huku akiambiwa kwamba ana fedha ambazo hajaziona.

Marekani kila jimbo lina lake. California wamekata shauri kwamba aliyeachishwa moja kwa moja, fedha yake ya likizo haimpunguzii fao, kwa kuwa aliichuma kabla ya kuondoka. Ila aliyesimamishwa kwa muda na akapewa tarehe maalumu ya kurudi, likizo yake inaweza kuhesabiwa kwenye siku zile za kusubiri. Ukiniuliza mimi, huo ndio mstari unaotufaa sisi watu wa masika. Anayefungiwa mlango wa hoteli Aprili akaambiwa "rudi tarehe 15 Juni" bado ana mwajiri. Anayekabidhi funguo hana.

Narudi kwetu. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Tuna Sheria yetu ya Ajira Namba 11 ya 2005, tuna Mfuko wetu wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, uliotokana na sheria ya 1998, na tuna Baraza letu la Wawakilishi. Maana yake jambo hili halihitaji kusubiri Dodoma. Linahitaji uamuzi wako na kanuni yenye sentensi chache zilizo wazi.

Ombi langu la kwanza ni kwamba siku ya mwisho ya ajira iwe siku mtu aliyoacha kufanya kazi kwa kuambiwa hatakiwi tena, hata barua ikizunguka vipi. Likizo ni mapumziko ya mtu anayerudi kazini. Asiyerudi hapumziki, anatafuta riziki. Kuziita siku zake likizo ni kuzipa jina lisilo lake.

Na ikiwa Serikali itaona kwamba la, fedha ile ni mshahara na ajira inaendelea hadi siku ya mwisho ya likizo, nitakubali, kwa sharti moja: mchango ukatwe, mwajiri atoe sehemu yake, na mwezi ule uhesabiwe. Haiwezekani fedha moja iwe mshahara inaponinyima na isiwe mshahara inapotakiwa kunichangia. Chagueni upande mmoja, kisha wajulisheni waajiri na makarani wenu, ili wote wasome kitabu kimoja.

Lipo pia la likizo za lazima. Kuna hoteli ambazo masika ikifika huwalazimisha watu wote kwenda likizo Aprili na Mei, wanamaliza siku zao zote za mwaka wakiangalia mvua, kisha Juni baadhi yao wanaitwa kupewa barua za kupunguzwa. Wanaondoka bila kazi na bila siku hata moja ya kulipwa. Sina hakika kanuni gani itawatosha hawa, lakini nakuomba wakaguzi wa kazi wapite pwani miezi hiyo hasa, wasisubiri Agosti hoteli zikiwa zimejaa na kila mtu anacheka.

Na barua ya kuachishwa kazi iwe na mfano mmoja uliotolewa na ofisi yako. Iandike siku ya mwisho ya kufanya kazi, siku za likizo zilizolipwa na kiasi chake, na mwezi wa mwisho wa mchango. Karatasi moja. Mimi nimeandika hati za stoo miaka minne, najua karatasi moja iliyojazwa sawasawa inavyozuia ugomvi.

Sasa nauza vitafunio vya asubuhi karibu na skuli ya watoto wangu, alhamdulillahi tunakula. Sidai nirudishiwe mwezi wangu. Lakini masika nyengine inakuja, na wapo watakaokabidhi funguo kama nilivyokabidhi mimi.

Barua yangu ninayo, na mwenzangu wa dobi amenipa nakala ya yake. Ukituita, tutakuja nazo zote mbili.

Wako mtiifu,
Mama wa watoto watatu, aliyekuwa karani wa stoo,
Pwani Mchangani, Unguja.