Tuhesabuni, sisi wazazi tunaosomesha watoto nyumbani

Kwa Mhariri,

Wiki jana mlichapisha barua ya msomaji mmoja aliyeuliza wazazi wanaosomesha watoto nyumbani wanaficha nini, akaomba machifu watutafute nyumba kwa nyumba. Mimi ni mmoja wa hao wazazi. Naishi Kitengela, karibu na Nairobi, nina kijana wa miaka 13 na msichana wa miaka 9, na huu ni mwaka wa nne tangu tuwatoe shule. Sina cha kuficha, lakini nimelazimika kuishi kama mtu anayeficha, na hiyo ndiyo imefanya nikae chini niandike.

Nianze na msichana. Alikuwa PP2, darasa la mwisho la chekechea, miaka mitano tu, na kwa ruti ya basi sisi ndio tulikuwa wa kwanza kuchukuliwa, saa kumi na moja na dakika kumi asubuhi, kwa hivyo nilikuwa namuamsha saa kumi na nusu, namvalisha yunifomu akiwa bado amelala, namweka kwa siti na leso ya kujifunika alafu basi inazunguka mtaa wote na giza ikichukua wengine. Anarudi saa kumi na moja jioni. Anakula akisinzia, kijiko kinaanguka, na bado kuna homuwaki kwa mkoba. Kanuni za elimu za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, zimeandikwa, lakini sijawahi kusikia mwenye shule ameshikwa kwa sababu ya basi la alfajiri.

Shida ya kaka yake ilikuwa nyingine. Alifika gredi ya 3 hajui kusoma. Ukimwonyesha b anasema d, neno alilosoma saa hii kwa mstari wa juu akilikuta chini halijui. Darasani walikuwa zaidi ya hamsini, mwalimu mmoja, na mwalimu akaamua ni uvivu, akawa anamsimamisha mbele asome kwa sauti wenzake wakicheka na akikosea anachapwa, na kiboko kilipigwa marufuku shuleni Kenya hii tangu 2001. Mtoto akaanza kukojoa kitandani na miaka tisa. Ndio tukampeleka kwa mtaalamu tukaambiwa ni disleksia, kwamba akili yake haina shida yoyote, anahitaji kufunzwa polepole kwa sauti za herufi, kwa kugusa na kuchora, na mtu akiwa amekaa kando yake. Nikajiuliza huyo mtu wa kukaa kando yake atatoka wapi kwa darasa la watoto hamsini. Dadangu ni mwalimu, najua venye wanaumia, sisemi walimu ni wabaya. Lakini mtoto alikuwa wangu na alikuwa anaisha nikiona.

Tukakubaliana na mzee wangu niache kazi. Nilikuwa karani Industrial Area, mshahara haukuwa mkubwa lakini ulikuwa unalipa nyumba, kwa hivyo wale wanaosema hii ni mambo ya matajiri waje waone venye tulihamia nyumba ndogo.

Miezi ya kwanza nilikosea sana. Niliweka ratiba kama ya shule, kengele hadi kengele, na kufikia saa nne tunalia wote watatu. Aliyenitoa hapo ni mama mwingine nilikutana naye kwa kliniki, akaniambia punguza, soma na yeye dakika ishirini, mpumzishe, mpeleke sokoni mhesabu chenji, mrudie. Ilichukua mwaka mmoja na miezi mitatu kijana wangu kusoma ukurasa mzima bila kusimama. Siku hiyo alisoma ubao wa bei kwa duka la nyama, akamaliza, akaanza tena kutoka juu.

Sasa msomaji wenu aliuliza hao watoto watajua watu aje. Hili ndilo swali tunaulizwa kila siku, hata mama mkwe aliniuliza alipotoka Kakamega kutuona, akakaa wiki mbili, na siku ya kwenda akaniambia mbona hawa watoto wanasalimia watu wazima bila kujificha. Sisi ni familia kumi na moja, kuanzia Kitengela hadi Rongai. Kila Ijumaa tunakutana kwa kiwanja cha kanisa moja wametuachia, karibu watoto thelathini, wa miaka minne hadi kumi na saba. Baba mmoja ni fundi wa mbao anafunza kupima na kukata. Kuna mzee mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anakuja na chaki zake mwenyewe na halipwi, tunampikia tu chakula cha mchana. Mama mwingine ni nesi. Mara moja kwa muhula tunapanda matatu na watoto wote, msitu wa Karura au Makumbusho ya Taifa, na wale wakubwa ndio wanashika mkono wadogo kuvuka barabara. Mtoto wangu anacheza na wa miaka saba na anabishana na wa miaka kumi na sita siku hiyohiyo, na shuleni alikuwa anaketi na wa rika lake tu, tena akiambiwa anyamaze.

Sababu zetu hazifanani. Kuna familia ya mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu, kila baridi ikizidi analazwa, na shule ikawa inamrudisha darasa kila mwaka. Kuna wanaotaka Biblia iwe katikati ya masomo. Kuna baba ambaye kazi inamhamisha kila miezi michache. Wengine walianzia korona, shule zilipofungwa Machi 2020 na watoto wengi kukaa nyumbani hadi Januari 2021, wazazi wakashika vitabu kwa lazima alafu wakaona mtoto anaelewa. Hata sisi tukikaa pamoja tunabishana, lakini mtoto wa mmoja akikwama kwa kitu mwingine anamchukua bila kuulizwa mara mbili.

Sasa nifike kwa sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimisha mzazi apeleke mtoto shule, asipopeleka ni kosa. Naelewa kwa nini iliandikwa. Kuna watoto wanafungiwa wachunge ng'ombe, kuna wasichana wa miaka kumi na moja wanalea watoto wa watu hapa Nairobi, na hao wakitafutwa hata usiku mimi nitashangilia. Lakini sheria hiyo inatuweka sisi na mwenye kumfungia mtoto kwa kapu moja, kwa hivyo nikiona gari nisilolijua getini roho inaruka, na nimewafunza watoto wakiulizwa mchana mbona hawako shule waseme mama yuko ndani. Mtoto wangu anajifunza kuogopa polisi akiwa anasoma! Hilo silifurahii hata kidogo.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mtoto wa mtala wa Kenya wa umilisi anafanyiwa tathmini ya shuleni, alama zinatumwa na shule kwa KNEC, baraza la mitihani, na namba yake ya tathmini inatoka kupitia shule. Huna shule, huna namba. Kwa hivyo hata mzazi anayetaka sana mtala wa Kenya anasukumwa kwa mitala ya nje, wengine vile vijitabu vya Kikristo vya ACE vilivyoanzia Texas, wengine Cambridge ya Uingereza ambayo ada ya somo moja la mtihani inaweza kukufanya uuze mbuzi. Watoto wetu wanahesabu kwa dola na wanasoma juu ya theluji, na kwa vitabu tunavyotumia Kiswahili hakimo. Mimi ndio nafunza Kiswahili Ijumaa, na kitabu chetu ni gazeti hili lenu, tunakata kurasa tunagawana, ndio maana niliiona hiyo barua. Ni kijana wangu aliyenisomea.

Afrika Kusini walishalitatua hili, sheria yao ya shule ya 1996 inamruhusu mzazi aombe kumsajili mtoto asomee nyumbani. Hapa kwetu tunaomba kama hivyo: fomu ya kujaza kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, afisa anayekuja mara moja kwa muhula kuangalia madaftari na kuongea na mtoto, na namba ya KNEC ili mtoto aweze kukalia mtihani kwa shule iliyo karibu. Akikuta mtoto hasomi, arudishwe shule, hata awe wangu. Hatuombi pesa.

Na afisa yeyote asingoje sheria ibadilike. Gazeti mnayo namba yangu, mpeni. Ijumaa tunaanza saa tatu, aje mapema aone hesabu kabla fundi hajaanza na kelele za msumeno, na chakula kipo.

Mama wa watoto wawili,
Kitengela