Gombe si kisiwa, na mlima wake si wa matembezi ya jioni

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi zile likitufikia Kigoma kwa treni, habari zimeshalala siku kadhaa, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Makala yenu kuhusu safari ya Gombe, hifadhi ya sokwe hapa kwetu Kigoma, ile iliyoiita kisiwa na kusema mlima wake ni matembezi mepesi ya familia, yenye picha kubwa ya mwandishi amenyoosha mikono kileleni na ziwa likionekana nyuma yake, imenishinda kunyamazia.

Kwanza, Gombe si kisiwa. Najua mwandishi wenu alikotoa wazo hilo. Hakuna barabara ya gari inayoingia hifadhini, kila mgeni anapelekwa kwa boti, basi akadhani amevuka maji. Hakuvuka. Alipita kandokando ya nchi kavu, kilomita 16 hivi kutoka mjini kwenda kaskazini. Kaskazini mwa hifadhi kuna kijiji cha Mwamgongo, kusini kuna Mtanga, na mashariki, nyuma ya mgongo ule ule alioupanda, kuna Bubango na Chankele, watu wanalima. Na hili si kosa dogo la kusahihishwa kwa mstari mmoja ukurasa wa pili. Sokwe wa Gombe, wapatao 100, hawakuzungukwa na maji. Wamebanwa kati ya ziwa na mashamba yetu, katika hifadhi isiyofika kilomita za mraba 60, na kila pori linalofyekwa huko mashariki linazidi kuwafungia njia. Msomaji wa Dodoma akishaambiwa ni kisiwa, atajuaje kwamba kuna njia inayofungwa?

Pili, kile mlichokiita matembezi mepesi ya familia. Ziwa Tanganyika lenyewe liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa juu wa bonde la ufa pale Gombe unapita mita 1,500. Kutoka ufukweni hadi ukingoni, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita tatu tu. Piga hesabu mwenyewe uone mlima huo umesimama namna gani. Huko chini bondeni una kivuli, una michikichi na mizizi ya kushika. Ukishatoka msituni unapita miyombo, halafu unabaki na nyasi juu ya changarawe na jua la saa sita. Kiangazi nyasi zinalala na kuteleza, na masika, Novemba hadi Aprili, udongo unaondoka na mguu wako. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti kijana, Ruth Davis, alianguka kwenye genge humo humo Gombe akifuatilia sokwe, akafa. Baada ya msiba ule ikawekwa kanuni kwamba watafiti wageni waende na wenyeji. Hilo linajulikana na kila mtu aliyewahi kufanya kazi kule. Mwandishi wenu angeuliza tu angeambiwa.

Sasa nikueleze makala hiyo imefanya nini nyumbani kwangu. Mpwa wangu alikuja kutoka Mwanza na mkewe, ukurasa wenu umekunjwa mfukoni. Nilimwambia avae buti na abebe maji ya kutosha. Akanijibu, “Mjomba, gazeti limesema ni mwendo wa pole.” Akaenda na raba zilizolika soli na chupa moja ndogo ya maji, yeye na mkewe wanaigawana. Nilifuatana nao. Tulipoacha miti na kushika mgongo wa nyasi, kijana aliyekuwa anatuongoza alisimama akatuonya tusikanyage changarawe, tukanyage kwenye mashina ya nyasi. Mpwa wangu alikuwa ameinua simu anapiga picha kama ile mliyoitoa ninyi. Mguu ukamponyoka, akashika nyasi zikang’oka, akaserereka mpaka kisiki kikamzuia, na chini ya kisiki kile kulikuwa na korongo. Kifundo cha mguu kilivimba papo hapo. Mkewe analia, mimi nimeshika mti siwezi kushuka wala kupanda. Yule kijana akashuka kwa makalio hadi pale, akavua mkanda wake akamfunga mguu, kisha wakaanza kuteremka, naye ametangulia chini. Anaukita mguu wake kwa ubavu udongoni, anasema, “Kaka, kanyaga juu ya kiatu changu.” Mpwa wangu anakanyaga. Anashuka tena hatua moja, anaukita tena. “Kanyaga, kaka.” Waliteremka hivyo mlima mzima. Tulipofika ufukweni jua linazama upande wa Kongo, kiatu cha yule kijana kimepasuka juu, vidole vinatoka damu, na hakudai hata shilingi ya ziada. Nimeirudia makala yenu kutoka mwanzo hadi mwisho kutafuta mtu wa aina hiyo. Hayumo. Mwandishi amepanda peke yake, ameona sokwe peke yake, ameijua njia peke yake. Haiwezekani! Kule hakuna anayeingia msituni bila mwongozaji. Hata Jane Goodall, yule mtafiti maarufu wa sokwe, alipofika Julai 1960, siku za mwanzo alipanda akiwa na Adolf, askari wa wanyamapori, na Rashidi Kikwale, mwenyeji wa huko huko. Na baadaye wenyeji wasaidizi wa utafiti, akina Hilali Matama, wamefuata sokwe kwenye miteremko hiyo miaka na miaka. Kuwafuta watu hawa kwenye habari ni kuwadhulumu, na ni kumdanganya msomaji kwamba mlima ule unapandika bila wao.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, niseme na la boti. Mwandishi wenu alikodi boti ya mwendo kasi. Sisi wengine tunapanda za mbao pale Kibirizi, zinakoondokea boti, pamoja na magunia, madumu ya mawese na akina mama wenye watoto mgongoni. Niliyopanda mwezi uliopita ilikuwa na maboya ya kujiokolea yamefungwa kwa kamba kwenye paa, fundo juu ya fundo. Nikamwuliza nahodha, upepo ukichafuka nani atayafungua? Akasema, “Mzee, yakiachwa wazi yanachafuka.” Ziwa lile lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Habari kama hiyo hamjaiandika, na anayepita pale kila siku ni mwananchi, si mtalii.

Ninachokuomba ni hiki. Mrudishe mwandishi yule yule Gombe, mwezi Machi, apande hadi ukingoni. Arudi aandike urefu wa mlima kwa mita, saa alizotumia kupanda na kushuka, viatu alivyovaa, na jina la aliyemwongoza, lichapwe kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa jina lake. Aandike pia kwamba ukiwa na mafua hutakiwi kuwasogelea sokwe, maana maradhi yetu yanawaua, jambo ambalo makala yenu imelipita kimya. Na wahusika waweke pale Kibirizi ubao wenye maelezo hayo hayo kwa Kiswahili, na pipa la fimbo za kuazima, mgeni anachukua akienda na anarudisha akishuka. Fimbo ziwe za mti mgumu, urefu wa kufika kifuani, na zichongwe ncha. Mianzi isitumike, inapasuka kwenye mawe.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma