Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji: viti vyangu vinakaliwa, lini vitalipwa?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: Kufuli mlilotia karakana yangu Jumatatu na seti 160 za viti na meza mlizopokea Januari 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima na majukumu yanakwenda vizuri. Nimeshakuandikia barua nne kabla ya hii. Zote nilizipeleka masijala, zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Hii ya tano nimeona niisome na watu wengine, labda kati yao atapatikana wa kunijibu.

Jumatatu saa tatu asubuhi walikuja vijana wako watatu na gari la jiji. Mmoja alishika orodha, mwingine alishika kufuli jipya, bado limo kwenye nailoni yake. Wakanieleza kwa adabu, sitawasingizia, kwamba nadaiwa ushuru wa huduma shilingi 36,000. Nikauliza ni wa nini, maana wa mauzo yangu ya vitanda na makabati nimelipa na risiti ninazo. Yule wa orodha akapekua, akasema ni asilimia 0.3 ya mauzo ya shilingi milioni 12. Nikamwambia kijana wangu, karakana hii imewahi kuuza kitu cha milioni 12 mara moja tu tangu izaliwe, na aliyenunua ni jiji, na jiji halijalipa hata senti. Akanitazama, akatazama kufuli, akasema, "Mama, mimi nimetumwa." Wakafunga.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nimefungiwa kwa kutolipa ushuru wa hela ambayo wewe ndiye unayo.

Naomba nikukumbushe tulikotoka, maana najua una mafaili mengi. Sisi mafundi samani wa mitaani tulianza kufanya kazi na Serikali bila kujua neno zabuni. Mwaka 2021 zilipokuja fedha za UVIKO, yaani korona, zile trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, nchi nzima ilitakiwa kujenga madarasa 15,000 na wanafunzi waingie Januari 2022. Tulikesha kuchomelea. Mkuu wa shule na kamati yake walikuja kwa miguu hadi karakana, wakakalia kiti cha mfano, wakakitikisa, tukapatana bei, wakanunua kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule inajinunulia yenyewe. Baada ya wiki mbili hela ikaingia benki. Hivyo ndivyo tulivyodhani Serikali inanunua.

Halafu ukaja wewe. Unakumbuka ule mkutano wa wanawake na vijana pale ukumbini? Ulitwambia tuache kulalamika kwamba tenda za jiji zinakwenda kwa wakubwa, kwamba sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, kwamba hiyo ni haki yetu na si hisani, na kwamba kazi yetu ni kuingia kwenye mfumo tu. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, Mungu anisamehe.

Tukaingia. Wanawake watano tukaunda kikundi, Afisa Maendeleo ya Jamii akatusajili, tukafungua akaunti, tukahangaika na TIN ya mlipakodi, usajili wa BRELA, leseni ya biashara na mashine ya EFD ya kutolea risiti. Ndipo tukajisajili NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni za mtandaoni. Na niseme ukweli, maana watu hupenda kuusingizia mfumo: NeST yenyewe sina ugomvi nayo. Zamani bahasha ilitumbukizwa kwenye sanduku la zabuni, na ukizubaa unaambiwa haikuonekana. Siku hizi mpango wa ununuzi wa mwaka wa taasisi unausoma humo humo, tangazo unaliona kwenye simu, na saa ya kufunga ikifika mfumo unafunga, hata uwe shemeji wa nani. Wazabuni wadogo hatukamuliwi dhamana ya benki kila mara. Mara nyingi unajaza tamko la dhamana ya zabuni na kusonga mbele. Tabu yetu ilikuwa ndogo tu. Hakuna kati yetu aliyejua kompyuta, basi kijana wa steshenari akawa anatujazia kwa shilingi 30,000 kila zabuni, umeme ukikatika tunakaa naye kibarazani tunahesabu dakika.

Zabuni mbili za kwanza tulikosa. Ya kwanza tulichagua aina ya biashara isiyo yetu, ya pili tuliweka bei ya kujionea huruma. Ya tatu, Oktoba 2024, tukapata: seti 160 za viti na meza za sekondari, seti moja shilingi 75,000, jumla milioni 12. Tukapewa LPO, hati ya jiji ya kuagiza mzigo. Nililala nayo chini ya mto.

LPO si hela, hilo nililijua baadaye. Muuza mbao wa paina kutoka Mafinga hakubali kulipwa karatasi, wala mwenye duka la paipu. VICOBA, chama chetu cha kuweka na kukopa, ikatukopesha milioni 3. Milioni 2 nilizitoa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, nikaacha kadi ya pikipiki ya mume wangu. Vijana saba walifanya kazi usiku na mchana, Krismasi waliila karakana. Faida tuliyotegemea baada ya mbao, paipu, rangi, vanishi na usafiri ilikuwa milioni 1 na laki 6, tugawane watano. Tulijibana kwenye bei ili tushinde, tukisema tutafidia tenda ijayo. Tenda ijayo!

Wiki ya kufungua shule, Januari 2025, tulishusha mzigo wote. Kamati ya mapokezi ilihesabu kimoja kimoja, ikarudisha viti viwili vikapigwe rangi upya, tukavipiga siku hiyohiyo. Mkuu wa shule akasaini delivari noti, akatushukuru mbele ya wanafunzi. Mwanangu yuko hapo, kidato cha pili. Anakalia kiti ambacho mama yake hajalipwa, na kila akirudi nyumbani ananiambia bado hakijalegea.

Nikaenda uhasibu. Nikaambiwa malipo hayawezi kuandaliwa bila risiti ya EFD. Nikasema risiti hutolewa mtu akishalipwa. Nikaambiwa, "Mama, huo ndio utaratibu wetu, lete risiti tuingize MUSE," yaani mfumo wa malipo wa Serikali. Nikakata risiti ya milioni 12, Februari 2025. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Risiti ikishatoka kwenye mashine, TRA, wale wa Mamlaka ya Mapato, wanaiona siku hiyohiyo, na kwao hayo ni mauzo. Wakanikadiria kodi kwa mauzo hayo. Sina hela ya kulipa kodi ya hela ambayo sijapokea, basi nikawa mdaiwa wa TRA. Mdaiwa hapewi hati ya kutodaiwa kodi, na zabuni bila hati hiyo ni kujisumbua. Jiji nalo likaiona risiti ileile, likanipigia ushuru wa huduma. Karatasi moja, Mheshimiwa, mliyonilazimisha kuikata ninyi, imenifunga milango mitatu.

Mwanzoni majibu yalikuwa matamu. "Vuta subira, mama." "Njoo Ijumaa." Ijumaa mwenye faili yuko Dodoma. Ijumaa nyingine mtandao hakuna. Ikafika tarehe 30 Juni 2025, mwaka wa fedha ukafungwa, Julai nikaambiwa fedha ya mradi ule ilirudi Hazina, sasa deni langu linasubiri kuhakikiwa. Nimehakikiwa mara mbili. Walikuja hadi shuleni, wakahesabu viti tena. Viti bado ni 160.

Kwa nini silipwi, sijui, nakisia tu. Wengine wananiambia fedha ilihamishiwa shughuli nyingine. Kijana mmoja wa ndani, simtaji, alinitazama kwa huruma akasema faili lako mama halina mafuta. Nilielewa, lakini mafuta ningeyatoa wapi, na kwa nini niyatoe? Sina ushahidi kwamba kuna aliyetaka cha juu, kwa hiyo sisemi hivyo. Nasema tu kwamba nimeona waliopeleka mzigo baada yangu wamelipwa, tena wanakuja ofisini wakiwa na magari. Labda wao wana utaratibu wa kuvuta subira unaozidi wangu.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si kufuli peke yake. Mwezi uliopita ilitangazwa zabuni nyingine ya viti na meza, ya jiji hilihili. Hati ya kodi sikuwa nayo, basi tuliomba kwa jina la kikundi cha wanawake wenzetu wa mtaa wa pili. Wao makaratasi yao ni safi, sisi tungekuwa mafundi wao, na kwenye uzoefu wakaiambatisha kazi yetu ya mwaka jana pamoja na makubaliano yetu ya kushirikiana. Likaja jibu la mfumo: hatukufaulu, kwa kukosa uthibitisho wa uzoefu wa kazi zinazofanana. Tukaandika malalamiko kwako kama Afisa Masuuli, kama sheria inavyotaka, maana huwezi kwenda PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni, kabla hujapita kwako. Jibu likawa fupi: hakuna hati ya kukamilisha kazi. Nikaenda kitengo cha ununuzi kuiomba hati hiyo. Wakaniambia hati ya kukamilisha hutolewa baada ya malipo ya mwisho.

Naomba uisome tena hiyo, Mheshimiwa, taratibu. Jiji linasema sina ushahidi kwamba nimewahi kulitengenezea jiji viti. Watoto 160 wamekaa juu ya ushahidi wangu hivi sasa tunavyozungumza.

Wanawake wengi huja kuniuliza tenda ya jiji inapatikanaje, dada tuelekeze. Zamani niliwaelekeza kwa moyo: jisajilini, someni mpango wa ununuzi mapema, msijaze bei kwa hasira wala kwa uroho, ambatisheni kila kilichoombwa. Sasa nawauliza kwanza kama wana akiba ya kukaa mwaka mzima na zaidi bila kulipwa. Wakisema hawana, nawaambia wakauze vitumbua. Hili halinifurahishi. Sheria ya ununuzi ya 2023 ni nzuri, ile asilimia 30 ni nzuri, na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kukopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu ni nzuri pia. Lakini mnatukopesha kwa mkono mmoja na kutudhulumu kwa mwingine, halafu tukishindwa kurejesha mnasema vikundi havina nidhamu.

Nilikuwa nimepanga kudai mengi. Nilitaka mbandike ubaoni orodha ya wanaowadai na tarehe ya kila deni, mlipe kwa foleni, aliyetangulia kupeleka atangulie kulipwa. Nilitaka uhasibu waache kudai risiti ya EFD kabla hela haijatoka. Nilitaka riba ya miezi 14. Nilitaka mtu aje amweleze mume wangu kwa nini pikipiki yake, iliyochukuliwa na wale wa kausha damu, inaendeshwa na mtu mwingine. Kati ya wale vijana saba wamebaki watatu, na wawili kati ya hao nimewaambia leo wasije, maana pa kuingilia hapapo.

Haya yote nayaacha. Hata milioni 12, kama kweli ilirudi Hazina na inasubiri Hazina ikumbuke njia, nitasubiri. Siku mkilipa kateni na asilimia 2 yenu ya kodi ya zuio, laki mbili na elfu arobaini, sitagomba. Ushuru wa 36,000 ukateni humo humo.

Ninachoomba ni karatasi moja, Mheshimiwa. Barua ya ukurasa mmoja, nembo ya jiji juu, sahihi yako chini, iseme kikundi chetu kilileta seti 160 za viti na meza Januari 2025, zilikaguliwa, zilipokelewa, na jiji bado halijalipa. Nitaipeleka TRA waone kwamba sifichi kodi. Nitaiambatisha kwenye zabuni ijayo. VICOBA nao watajua sikuwatapeli. Haigharimu bajeti, haihitaji Hazina, haingoji mwaka wa fedha. Wino tu.

Na huyo kijana mwenye ufunguo aje nao.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi samani, kikundi cha wanawake watano

Nakala: Masijala, kwa ajili ya muhuri wa tano.
Nakala: Mlinzi wa getini, ambaye kila nikija huniambia ukweli kwamba hupo.