Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Kofia, Kadi na Wodi ya Njiti

Ndugu wanachama, wafumaji na wapiga picha,

Nianze na machungwa, maana ndiyo yaliyotuokoa. Kofia tulizopeleka wodi ya watoto njiti Machi 2024 zilikuwa za kupendeza: zina vishada utosini, nyingine vifungo na maua. Muuguzi wa zamu alishukuru, akachukua moja akaivika ngumi yake. Ikashuka mpaka kwenye saa ya mkononi. Mtoto wa kilo moja, akatuambia, kichwa chake kinakaribiana na chungwa. Vifungo vinamuumiza, vishada vinanyofoka, na uzi unaotoa manyoya haufai karibu na pua yake. Tangu siku hiyo kila mfumaji ana chungwa mezani la kupimia.

Kwa wanachama wapya: njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Mwilini hana mafuta ya kutosha kumtunzia joto, na kichwa ni kikubwa ukilinganisha na kiwiliwili, kwa hiyo joto jingi hupotelea huko. Katika huduma ya kangaroo, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mtoto hukaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, soksi na kofia tu. Nalieleza hili kwa sababu bado naulizwa mitaani kofia za nini Moshi na jua lote hili.

Uzi mpya wa pamba ni ghali. Kina mama wa Majengo ndio waliotuonyesha njia: unanunua sweta la pamba la mtumba soko la Memorial, unalifumua, unaufua uzi na kuuviringisha upya. Sweta moja la mtu mzima linatoa kofia kumi na zaidi. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba zenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kochi tulipaswa kulijua hilo mapema.

Upande wa picha, kalenda ya 2025 ilituumiza, na sitaficha. Picha sita kati ya kumi na mbili zililetwa kwa WhatsApp, ambayo hupunguza ukubwa wa picha. Ukurasa wa A4 unataka pikseli, yaani nukta za picha, kama 2,480 kwa 3,508 ndipo picha itoke safi; nyingine hazikufika hata nusu ya hapo. Picha ya kilele cha Kibo ya mwezi Mei ikatoka kama imechovywa kwenye uji. Mchapaji naye hakutupa nakala ya majaribio, nasi hatukuidai. Skrini inaonyesha rangi kwa mwanga, karatasi inapokea wino wa rangi nne, na theluji ya alfajiri tuliyoiona ya waridi ikageuka kijani. Tulichapa nakala 200. Sitini na tatu ziko chini ya kitanda changu, na mke wangu ameanza kuuliza. Kuanzia sasa picha zinaletwa kwa flashi, na hatulipi kabla ya kuona nakala ya majaribio.

Kadi za picha zetu ndizo zilizobeba mwaka. Moja tunaiuza shilingi 3,000. Uchapaji na bahasha vinakula 1,200, kinachobaki kinanunua masweta. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina.

Sasa lile la Septemba. Mwanachama wetu alipiga picha mama na mtoto wodini, akaiweka kwenye status na maneno ya kuomba michango. Michango ikaja, tena haraka. Lakini yule mama alikuwa hajawaambia wakwe zake kuwa amejifungua. Alikuwa akisubiri mtoto aongezeke uzito kwanza. Wakajulia kwenye simu. Mimi na katibu tulikwenda kuomba radhi na kumkabidhi michango yote. Hakutufokea. Aliuliza tu kama ile kofia ilikuwa ya kulipia.

Sijapata la kumjibu hadi leo.

Wapo wanaosema mama alikubali kupigwa picha. Alikubali, ndiyo, akiwa kitandani, mbele ya watu waliokuja na zawadi. Angekataaje? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hili hata lisingehitaji sheria. Kamati imeamua kamera haziingii wodini, na naomba mkutano uthibitishe. Najua wapiga picha wananung'unika kwamba watu hawatoi bila kuona sura. Nao watazame daftari la mauzo: kadi iliyouzwa kuliko zote haina sura ya mtu. Ni mikono ya bibi yetu wa Kiborloni, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, inalivalisha chungwa kofia ya zambarau. Aliyeipiga ni yule yule wa status.

Ya zambarau tuliifuma kwa ajili ya tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani. Mwaka huu wodi imeomba soksi pia, na mpaka sasa wanaoweza kugeuza kisigino ni wawili tu. Watatufundisha Jumamosi saa nane mchana. Mje na machungwa yenu. Ya kikao kilichopita yaliliwa.